Kuchaji Chombo cha Umeme Nyumbani: Ni Kundi Gani la Bei Linalokufaa?

Mtu anayetaka kununua gari, bajaji au pikipiki ya umeme huuliza kwanza bei ya chombo, kisha huuliza betri ikijaa itakwenda kilomita ngapi. Swali la tatu ni hili: umeme nitakaoutia katika betri hiyo nitauziwa kwa bei gani? Wengi hulifikia swali hilo wakiwa wameshalipa fedha na chombo kimeshaingia uani. Tumeandika sura hii ili mtumiaji alifikie mapema.

Jibu lake si jepesi kama linavyodhaniwa. Chombo cha umeme huongeza idadi ya uniti unazonunua, na hilo kila mtu analitarajia. Lakini chaweza pia kubadilisha bei ya kila uniti nyumbani, zikiwemo zile za taa, feni na jokofu, ambazo hazikuongezeka hata moja. Kaya iliyokuwa ikinunua umeme kwa bei ya ruzuku inaweza kuipoteza bei hiyo kwa sababu ya pikipiki moja. Kwa hiyo gharama ya kuchaji haipimwi kwa uniti za chombo peke yake, bali kwa tofauti kati ya fedha ambazo nyumba nzima ililipa kabla ya chombo na zile itakazolipa baada yake.

Makundi mawili yanayoihusu nyumba

Tanzania Bara, bei za umeme wa TANESCO huidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA. Hesabu zote za sura hii zimetumia bei za agizo lililoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2016. Kabla ya kufanya uamuzi, linganisha bei hizo na zile zinazotumika siku unayosoma. Bei ikibadilika, njia ya kukokotoa inabaki ile ile.

Kundi la kwanza ni D1, la wateja wa majumbani wenye matumizi madogo. Ni kwa kaya ambayo wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, nayo hupewa umeme wa njia moja tu. Uniti 75 za kwanza huuzwa kwa shilingi 100 kila moja, bei iliyowekewa ruzuku. Kila uniti inayozidi 75 huuzwa kwa shilingi 350.

Kundi la pili ni T1, la matumizi ya kawaida. Humo zimo nyumba zenye matumizi makubwa kuliko uniti 75 kwa mwezi, maduka, ofisi ndogo na viwanda vidogo. Hupewa umeme wa njia moja au wa njia tatu, na kila uniti, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, huuzwa kwa shilingi 292.

Juu ya bei hizo huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ya asilimia 3, na tozo ya EWURA ya asilimia 1. Jumla ni asilimia 22. Basi uniti ya shilingi 100 humfikia mteja kwa shilingi 122, ile ya shilingi 350 kwa shilingi 427, na ile ya T1 kwa shilingi 356 na senti 24. Tutazitumia bei hizi kamili tangu hapa, kwa kuwa ndizo zinazotoka mfukoni.

Jinsi ya kulitambua kundi lako

Wateja wengi hawajui wamo kundi gani, wala hawana sababu ya kuona haya kwa hilo. Chukua risiti ya LUKU ya ununuzi wa kwanza wa mwezi. Toa kwanza makato yasiyo ya umeme, kama kodi ya jengo au deni la zamani. Fedha iliyobaki igawanye kwa idadi ya uniti ulizopata. Ukipata takriban 122, umo D1. Ukipata takriban 356, umo T1. Kwa mfano, shilingi 5,000 zisizo na makato humpa mteja wa D1 takriban uniti 41 mwanzoni mwa mwezi, na humpa mteja wa T1 takriban uniti 14.

Kisha kusanya risiti za miezi 6 hivi na ujumlishe uniti za kila mwezi. Wastani utakaoupata ndio msingi wa hesabu zote zinazofuata. Asiye na wastani huo hana budi kukisia, na makisio ya umeme mara nyingi huwa ya chini kuliko ukweli.

Chombo chako kitakula uniti ngapi

Kipimo cha kWh kilichoandikwa juu ya betri ndicho uniti ile ile inayouzwa kwa LUKU. Betri ya kWh 3 ikijazwa kutoka tupu hupokea uniti 3. Hata hivyo mita husoma zaidi ya hapo, kwa sababu chaja na betri hupata joto wakati wa kuchaji, na joto hilo ni umeme uliopotea. Kwa tahadhari, ongeza asilimia 15.

Tuchukue mifano mitatu. Pikipiki ya biashara yenye betri ya kWh 3, ikijazwa mara moja kwa siku kwa siku 26 za kazi, inahitaji uniti 78. Pamoja na upotevu ni takriban 90 kwa mwezi. Bajaji yenye betri ya kWh 8, kwa utaratibu huo huo, inahitaji 208. Pamoja na upotevu ni takriban 240. Gari dogo la familia hutumia kiasi cha uniti 16 kwa kilomita 100. Likienda kilomita 1,000 kwa mwezi linahitaji 160, na pamoja na upotevu ni takriban 184.

Tazama namba ya kwanza. Pikipiki peke yake, kabla hujawasha taa hata moja, imeshavuka uniti 75.

Kaya moja, kabla na baada

Tuseme kaya ya Mbagala inatumia uniti 60 kwa mwezi: taa, televisheni, feni, jokofu dogo na pasi. Imo D1, na kila mwezi inalipa shilingi 7,320. Kijana wa nyumba hiyo ananunua bajaji ya umeme na kuichaji nyumbani kila usiku. Uniti 240 zinaongezeka juu ya zile 60, na matumizi ya nyumba yanafika 300. Wastani ukishathibitika, nyumba inahamishiwa T1.

Sasa kaya hiyo italipa uniti 300 kwa shilingi 356 na senti 24, yaani shilingi 106,872. Kijana akihesabu uniti za bajaji yake peke yake ataona shilingi 85,498, na kwa uadilifu atampa mama yake kiasi hicho kila mwezi. Mama atabaki na shilingi 21,374 za kulipa kwa uniti zake 60 zile zile, ambazo mwezi uliopita zilimgharimu shilingi 7,320. Hakuongeza taa wala kubadilisha jokofu, lakini amebeba shilingi 14,054 zaidi kila mwezi, na huenda asijue zimetoka wapi.

Kwa hiyo gharama ya kweli ya kuichaji bajaji ni tofauti ya malipo mawili ya nyumba: 106,872 ukitoa 7,320, yaani shilingi 99,552. Igawanye kwa uniti 240, na kila uniti iliyoingia katika bajaji imegharimu takriban shilingi 415. Kwa pikipiki ya uniti 90 katika nyumba hiyo hiyo hali ni nzito zaidi, kwa kuwa hasara ya kupoteza ruzuku inagawanywa kwa uniti chache: kila moja hugharimu takriban shilingi 512.

Hatukuyaandika haya ili kumvunja moyo mnunuzi. Hata kwa bei ya T1, umeme kwa kawaida hubaki nafuu kuliko mafuta. Gari dogo la petroli linalotumia lita 7 kwa kilomita 100 huchoma lita 70 kwa kilomita 1,000. Tukikadiria petroli kwa shilingi 3,000 kwa lita, hizo ni shilingi 210,000. Gari la umeme la mfano wetu, likichajiwa katika nyumba iliyomo T1 tangu awali, litatumia shilingi 65,548 kwa safari hizo hizo. Faida ipo. Linalobaki ni kujua ukubwa wake halisi, na kuhakikisha kuwa hailipiwi na mtu mwingine wa nyumba ambaye hakushirikishwa.

Usidanganywe na mwezi wa kwanza

Mteja wa D1 anayeanza kuchaji hahamishwi siku ile ile. Mwezi wa kwanza bado atauziwa uniti 75 kwa bei ya ruzuku, na zilizozidi kwa shilingi 427. Kaya yenye pikipiki, kwa jumla ya uniti 150, italipa shilingi 41,175. Mwenye pikipiki hufurahi na kusema hesabu zimekubali. Kaya hiyo ikishahamishiwa T1, uniti 150 zile zile zitagharimu shilingi 53,436. Bajeti iliyopangwa kwa risiti ya mwezi wa kwanza huvunjika hapo.

Wako wanaouliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini nisibaki D1 na kulipa shilingi 427 kwa zile zinazozidi? Kwa hesabu za karatasi wana hoja, kwani malipo ya D1 hubaki chini ya yale ya T1 mpaka matumizi yafike takriban uniti 323 kwa mwezi. Lakini D1 si kundi la kuchagua kwa kupenda. Limewekwa kwa ajili ya kaya ambayo wastani wake hauzidi 75, na ruzuku yake imekusudiwa kwa kaya hiyo. Anayeingiza chombo cha umeme na kupanga matumizi kana kwamba atabaki D1 daima anajenga juu ya mchanga.

Njia zilizo mbele yako

Njia ya kwanza ni kubaki D1 kwa haki. Inamfaa mwenye chombo kidogo cha matumizi binafsi. Kaya inayotumia uniti 55 ina nafasi ya uniti 20 kwa mwezi, na nafasi hiyo inatosha kwa pikipiki inayokwenda sokoni na kanisani au msikitini. Mwenye pikipiki ya biashara anaweza kuchaji sehemu kubwa mahali pengine, kama kazini kwa makubaliano, au kwenye kituo cha kubadilishia betri, na nyumbani akachaji kidogo tu. Hapa swali la kujiuliza ni je, bei ya kituo kwa uniti moja ni chini ya ile gharama ya kweli uliyoikokotoa? Kituo kinachouza kwa shilingi 450 kinaonekana ghali kwa anayelinganisha na 356. Kwa mwenye pikipiki ambaye gharama yake ya kweli nyumbani ni 512, ni nafuu.

Njia ya pili ni kuikubali T1. Kwa nyumba ambayo tayari imo T1 hakuna la kuamua: kila uniti ya chombo itagharimu shilingi 356 na senti 24, na bei ya uniti nyingine haitaguswa. Kwa nyumba ya D1 yenye matumizi yanayokaribia 75 kila mwezi, huenda ingehamia T1 hata bila chombo, mathalani kwa kununua jokofu kubwa au jiko la umeme. Nyumba hiyo isikihesabie chombo hasara ambayo ingeipata kwa vyovyote.

Njia ya tatu ni mita ya pili, ili nyumba ibaki na mita yake ya D1 na chombo kipate mita yake ya T1. Nyumba yenye mita zaidi ya moja si jambo geni mijini, ingawa idhini hutolewa na TANESCO baada ya ombi na ukaguzi. Faida yake hupimwa hivi: kila uniti ya nyumba inayobaki D1 huokoa shilingi 234. Kaya ya uniti 60 itaokoa shilingi 14,054 kwa mwezi. Gharama ya kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, pasipohitajika nguzo, iliwekwa kuwa shilingi 320,960 kuanzia Januari 2022. Kwa kaya hiyo fedha hizo hurudi baada ya takriban miezi 23. Kwa kaya ya uniti 30 huokoa shilingi 7,027 tu kwa mwezi, na hurudi baada ya takriban miezi 46, ambapo huenda betri ya bajaji imeshachoka. Ongeza na gharama ya wayaringi mpya. Mita ya pili ikifungwa, chunguza risiti zake: ukiona kodi ya jengo inakatwa katika mita zote mbili za jengo lile lile, toa taarifa.

Njia ya nne tunaitaja ili tuikataze. Baadhi ya wauzaji humwambia mteja aombe kundi la T2, kwa kuwa uniti yake ni shilingi 195 tu. Kundi hilo ni la wateja wenye wastani unaozidi uniti 7,500 kwa mwezi. Tena, pamoja na bei ya uniti, mteja wake hulipa shilingi 14,233 za huduma kila mwezi, na shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kiwango cha juu cha umeme alichovuta. Mwenye kuvuta kVA 10 angedaiwa shilingi 164,273, kabla ya kodi na kabla ya uniti ya kwanza. Hilo si kundi la nyumba.

Je, umeme wa usiku ni nafuu?

Mtumiaji anayesoma ushauri wa nchi nyingine atakutana na agizo moja: chaji usiku, kwa kuwa umeme wa usiku ni nafuu. Ni ushauri sahihi kwa nchi hizo. Uingereza imekuwa na mikataba ya nyumbani yenye bei ya usiku kwa miongo kadhaa. Kenya nayo, katika bei zilizoanza Aprili 2023, iliweka kundi maalumu la vyombo vya umeme, na uniti ya saa zenye matumizi madogo huuzwa humo kwa nusu ya bei.

D1 na T1 hazina saa. Uniti ya saa 8 usiku na ile ya saa 8 mchana ni shilingi zile zile. Kwa hiyo usinunue kifaa cha ziada cha kupanga muda wa kuchaji kwa ahadi ya kupunguza bei. Kwa mteja wa makundi haya hakitapunguza hata shilingi moja. Sababu nzuri ya kuchaji usiku wa manane ni nyingine. Jioni watu wote wanapika, wanapiga pasi na kuwasha feni, na katika mitaa mingi nguvu ya umeme hushuka. Baada ya saa 5 usiku mzigo wa mtaa na wa nyumba yako hupungua, na nyaya zako hazibebi pasi, jokofu na chaja kwa wakati mmoja.

Nyumba ya kupanga na mita ya pamoja

Mtumiaji anayekaa katika nyumba ya kupanga ana wajibu zaidi ya mwenye nyumba yake. Mita ikiwa ya pamoja, kuchaji kwa mmoja kunaweza kuwahamisha wote kutoka D1. Mgawanyo wa kulipia kwa idadi ya vyumba au kwa idadi ya taa hautafaa tena tangu siku chombo kinapoingia. Tunashauri mambo matatu. Wapangaji wote waarifiwe kabla, si baada. Ifungwe mita ndogo ya kusomea kwenye saketi ya chombo, ili uniti zake zijulikane pasipo ubishi. Na makubaliano yaandikwe kuwa mwenye chombo atalipia uniti zake pamoja na ongezeko lolote la bei litakalowapata wenzake kwa sababu ya chombo hicho. Katika mfano wa Mbagala, ongezeko hilo ni shilingi 14,054.

Mwenye nyumba naye asichaji gari lake kwa mita ya mpangaji kwa sababu tu mita hiyo imo D1. Uniti zitakazouzwa kwa ruzuku ni chache, na mpangaji ndiye atakayebaki na bei ya T1 gari litakapokuwa limeshaondoka.

Kundi la bei na nyaya za nyumba

Uchaguzi wa chaja unaweza kukuamulia kundi pasipo wewe kujua. Soketi ya kawaida, chombo kikivuta ampea 10, hutoa takriban uniti 2.3 kwa saa. Kwa saa 8 za usiku ni uniti 18, zinazotosha gari dogo kwenda takriban kilomita 100. Watu wengi wa mjini hawaendi mbali kiasi hicho kwa siku. Chaja ya ukutani ya kilowati 11 au 22 huhitaji umeme wa njia tatu, na umeme wa njia tatu hauko D1. Kabla ya kulipia kasi hiyo, jiulize ni usiku mingapi kwa mwezi utaihitaji.

Usalama hautenganishwi na bei. Chaja huvuta umeme mwingi bila kupumzika kwa saa nyingi, jambo ambalo pasi na birika havifanyi. Soketi iliyolegea, ambayo kwa miaka haikuleta shida, inaweza kuyeyuka kwa usiku mmoja. Chombo kipewe saketi yake kutoka kwenye swichi kubwa, yenye waya wa unene unaofaa, breka yake, kifaa cha kukata umeme unapovuja, na waya wa ardhini uliopimwa. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Usitumie waya wa kurefushia wala adapta. Magari yaliyotumika kutoka Japani huja mara nyingi na waya wa kuchajia wenye plagi ya huko, na baadhi ya nyaya hizo hutengenezwa kuvuta hadi ampea 15. Kuukata na kuufunga plagi yetu ya ampea 13 ni kuikaribisha hatari ya moto ndani ya nyumba.

Ukiona umewekwa kundi lisilo lako

Makosa hutokea, na mteja ana haki ya kuuliza. Ukikuta umehamishiwa T1 ilhali wastani wako hauzidi uniti 75, peleka risiti zako katika ofisi ya TANESCO ya eneo lako, toa taarifa na upewe namba yake. Fanya vivyo hivyo ukiuza chombo na matumizi yakashuka: usisubiri bei irudi yenyewe, peleka ombi. Usiporidhishwa na jibu, peleka malalamiko EWURA kwa maandishi, ukiambatisha namba ile na nakala za risiti. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Maswali ya kujibu kabla ya kulipia chombo

1. Wastani wa uniti za nyumba yetu kwa miezi 6 iliyopita ni ngapi, na tumo kundi gani?
2. Chombo kitahitaji uniti ngapi kwa mwezi, pamoja na asilimia 15 ya upotevu?
3. Zikijumlishwa, tutabaki ndani ya uniti 75?
4. Ikiwa hatutabaki, nyumba nzima italipa kiasi gani kwa bei ya T1? Toa malipo ya sasa. Kinachobaki ndiyo gharama ya kuchaji.
5. Mita ya pili ingerudisha fedha yake baada ya miezi mingapi, na TANESCO imekubali?
6. Ni nani mwingine anayetumia mita hii, na amekubali kwa maandishi?
7. Fundi mwenye leseni amekagua nyaya?

Majibu ya maswali haya yanatosha katika ukurasa mmoja wa daftari. Yaandike, kisha yasome pamoja na wote wanaochangia mita hiyo kabla ya chombo kuletwa nyumbani.